Jile ya kuzuia risasi imeandikwa « III »: ni mashini gani ilipima mwendo wa ile risasi?

Mwandishi wa habari, mfanyakazi wa shirika la misaada au dereva wa ambilansi aliyewahi kufika karibu na mapigano hapa Kivu anaijua ile karatasi ndogo iliyoshonwa ndani ya jile ya kuzuia risasi. Imeandikwa jina la kiwanda, mwaka, namba, na alama kama « IIIA » au « III ». Wengi hawaisomi. Wanafunga mikanda, wanavaa kofia, wanapanda gari. Lakini alama hiyo ni ahadi yenye kipimo: risasi ya aina fulani, yenye uzito fulani, ikija kwa mwendo fulani, haitapita. Mwendo ukizidi pale, kiwanda hakikuahidi kitu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, wakati wa mapigano ya Goma, risasi zilipita hata kwenye mbao na mabati ya nyumba za raia, na hospitali zilijaa majeruhi. Tangu wakati huo, maswali juu ya jile yameongezeka kati ya wale ambao kazi inawalazimisha kutoka nje wakati wengine wanajificha. Ni jile gani? Bei gani? Inazuia AK au haizuii? Swali moja haliulizwi mara nyingi, nalo ndilo linashikilia mengine yote: wale waliojaribu jile walijuaje mwendo wa risasi waliyoipiga?

Tuanze na alama zenyewe, maana kuna kosa linalorudi kila mara. Kipimo kinachojulikana zaidi duniani kinatoka Marekani, kwenye taasisi ya utafiti ya wizara ya sheria inayoitwa NIJ. Kipimo chake cha mwaka 2008, kwa namba 0101.06, kinasema sahani ya « III » isimamishe risasi ya 7,62 ya NATO ikija kwa metre 847 kwa segonde. « IIIA » ni ya bastola tu: risasi ya .44 Magnum kwa metre 436 kwa segonde. Mtu anaona herufi imeongezwa, anafikiri IIIA inapita III kwa nguvu. Ni kinyume. Jile laini ya IIIA haikutengenezwa kwa ajili ya AK-47, ambayo risasi yake inatoka kwenye mdomo wa mtutu kwa metre karibu 715 kwa segonde. Aliyevaa IIIA peke yake mbele ya kalashi amevaa koti zito.

NIJ yenyewe iliona mkanganyo huo. Mwezi wa 11 mwaka 2023 ilitoa kipimo kipya chenye majina mengine: HG kwa bastola, RF kwa bunduki ndefu. Na kwa mara ya kwanza risasi ya AK, ile ya 7,62 kwa 39, iliingia kwa jina katika orodha. Sahani ya RF1 lazima iisimamishe ikija kwa metre 732 kwa segonde. Kwa sisi wa mashariki mwa Congo habari hiyo ina uzito wake, kwa sababu hiyo ndiyo risasi tunayookota barabarani asubuhi.

Sasa, kila namba kati ya hizo ina nafasi ndogo ya kuteleza. Kwenye kipimo cha 2008 nafasi hiyo ni metre 9,1 kwa segonde, juu au chini. Risasi ikienda polepole kuliko hapo, jaribio halihesabiwi kwa faida ya kiwanda. Ikienda mbio zaidi na kupita, kiwanda hakilaumiwi. Chukua 847 na utafute asilimia moja: ni 8,5. Ni kusema, chombo cha kupima kinachokosea kwa asilimia moja tu kinakaribia kuila nafasi yote. Tena nguvu ya risasi inapanda kwa mraba wa mwendo: ukikosea asilimia moja kwa mwendo, umekosea karibu asilimia mbili kwa nguvu ya pigo.

Chombo hicho kinaitwa kronografu. Kazi yake ukiisikia ni rahisi. Weka alama mbili kwenye njia, hesabu muda ambao risasi imetumia kutoka ya kwanza hadi ya pili, gawanya umbali kwa muda. Polisi wa barabarani angeweza kufanya hivyo na pikipiki, akiwa na kamba na saa ya mkononi. Shida ni kwamba risasi ya metre 800 kwa segonde inakata santimetre 30 kwa muda mdogo kupita kiasi: gawanya segonde moja mara milioni, kisha chukua vipande 375. Saa ikikosea kipande kimoja tu, jibu linahama kwa metre mbili kwa segonde.

Kabla ya umeme watu walifanyaje? Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu juu ya mizinga na bunduki, akaeleza njia ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata. Alitundika kipande kizito cha ubao kama bembea, akapiga risasi ndani yake, akapima ubao umerudi nyuma kiasi gani. Kwa kujua uzito wa ubao na uzito wa risasi, alirudi kwa hesabu hadi kwenye mwendo. Aligundua kwamba risasi za wakati wake zilikuwa na mwendo mkubwa sana, na kwamba hewa inazizuia kwa nguvu kuliko wasomi walivyoamini. Mwanahesabu Leonhard Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani akakiongezea maelezo yake mwenyewe.

Hatua iliyofuata inatugusa kidogo, maana ilitoka Ubelgiji. Katika miaka ya 1860, afisa wa mizinga wa jeshi la Ubelgiji, Paul-Émile Le Boulengé, alitengeneza kronografu ambayo majeshi mengi yaliitumia kwa miaka makumi. Akili yake inashangaza hadi leo. Risasi inakata waya wa kwanza. Umeme unazimika, sumaku inaachilia fimbo ndefu, fimbo inaanza kuanguka. Risasi inakata waya wa pili. Sumaku nyingine inaachilia kizito kifupi, nacho kikianguka kinafyatua kisu kinachotia alama kwenye fimbo iliyo bado hewani. Kwa kuwa kila kitu kinaanguka kwa sheria ileile ya dunia, umbali wa alama kwenye fimbo unakuambia muda. Le Boulengé alijua kwamba sumaku na kisu vyenyewe vinachelewa kidogo. Kwa hiyo aliweka kifaa cha kukata nyaya zote mbili kwa mara moja, apate kujua ule uchelewaji na kuutoa kwenye hesabu. Mtu wa karne ya 19, bila kompyuta, alikuwa anaupima ukosefu wa mashini yake kabla ya kuipima risasi. Weka jambo hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Leo mnunuzi mkubwa wa kronografu ndogo ni raia wa Marekani. Kule kuna watu wengi wanaojaza baruti wenyewe katika maganda ya risasi, nyumbani, kwa mizani ndogo, ili bunduki yao ya kuwinda au ya mashindano ilenge vizuri. Kwa mtu anayelenga shabaha ya umbali wa karibu kilometre moja, tofauti ya metre kumi kwa segonde inashusha risasi kwa zaidi ya santimetre 20. Hapa kwetu biashara hiyo haiko, na sheria ya silaha ya mwaka 1985 inamkataza raia kuwa na bunduki bila ruhusa. Lakini vyombo vya wale Wamarekani vimefika hadi kwetu kwa njia ya pembeni: video nyingi za kujaribu jile ambazo watu wanaangalia kwenye simu kabla ya kununua, mwendo wake ulipimwa na vyombo hivyohivyo. Kwa hiyo inafaa tujue kipi kinasema kweli.

Cha zamani na cha bei ndogo, kama dola mia moja hivi, ni sanduku la mwanga. Lina macho mawili yanayotazama juu mbinguni, na juu ya kila jicho kuna kipande cheupe cha plastiki. Risasi ikipita inatia kivuli, jicho linaona. Kampuni za vyombo hivyo huahidi ukosefu wa asilimia moja, nyingine nusu asilimia au robo. Ahadi hiyo ni ya siku nzuri. Jua likiwa pembeni, jicho la kwanza linaweza kuona ncha ya risasi na la pili likaona tumbo lake. Risasi ni ndefu santimetre mbili au tatu; macho yakitofautiana nusu santimetre tu juu ya umbali wa santimetre 30, umekosea zaidi ya asilimia moja na nusu, na hakuna taa inayowaka kukuonya. Wingu likipita, namba inahama. Taa za neoni za ndani ya ukumbi zinaweza kulichanganya kabisa. Ukiweka sanduku karibu mno na bunduki, upepo wa baruti unafika kabla ya risasi. Na kwa kuwa risasi lazima ipite santimetre chache juu ya chombo chenyewe, wapigaji wengi wamekiua chombo chao kwa risasi zao. Wamarekani wanacheka juu ya jambo hilo kama sisi tunavyocheka juu ya simu iliyoanguka chooni.

Sio masanduku yote ya mwanga yako sawa. Kampuni ya Oehler, ya jimbo la Texas, ilijijengea heshima kwa chombo chake cha 35P chenye macho matatu badala ya mawili. La tatu linafanya kazi ya shahidi. Chombo kinapima mara mbili kwa risasi moja, na majibu mawili yakipishana, kinatia alama kukuambia usiamini. Pia macho yake yanawekwa mbali zaidi, zaidi ya metre moja. Hesabu inaonyesha faida: kosa la milimetre tatu juu ya santimetre 30 ni asilimia moja, lakini juu ya santimetre 120 ni robo asilimia tu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lile jicho la tatu ndilo wazo bora katika historia yote ya vyombo hivi vya raia, kwa sababu linarudisha ile tabia ya Le Boulengé ya kutilia mashaka mashini yako mwenyewe.

Njia ya pili haitegemei mwanga. Kampuni ya MagnetoSpeed ilitoa chombo kinachofungwa chini ya mdomo wa mtutu, kama kisu cha bunduki cha askari wa zamani. Ndani yake mna visomaji viwili vya sumaku. Risasi ya chuma ikipita juu yake inavuruga uwanja wa sumaku, saa inahesabu. Usiku, mvua, wingu, hakijali. Lakini kimebebwa na mtutu wenyewe, kwa hiyo uzito wake unabadilisha namna mtutu unavyotetemeka, na risasi zinaangukia mahali pengine kwenye shabaha. Unapata mwendo, unapoteza shabaha. Na kwa bastola nyingi hakuna mahali pa kukifunga vizuri.

Kisha ikaja rada. Hapa mfano wetu uko barabarani: motari akikujia huku amebonyeza honi, sauti ni nyembamba, akikupita tu, inakuwa nzito. Honi haikubadilika, ni mwendo wake uliobana mawimbi kisha ukayanyoosha. Rada inafanya hivyo kwa mawimbi ya redio. LabRadar ya kampuni ya Kanada ilileta njia hiyo kwa raia kabla ya wengine, na mwishoni mwa mwaka 2023 Garmin, wale wanaojulikana kwa GPS, walitoa Xero C1 Pro, kiboksi kinachoingia mfukoni, kwa dola 600. Vyombo vyote viwili vinaahidi ukosefu wa asilimia 0,1. Mawimbi yake ni ya gigahertzi 24. Risasi ya metre 800 kwa segonde inayahamisha kwa hertzi 128 000, na kuhesabu mitetemo ni jambo ambalo elektroniki ya leo inalifanya vizuri sana. Hakuna kivuli cha kubahatisha, hakuna umbali wa macho wa kupima kwa futi ya mshonaji.

Rada nayo ina dhambi zake. Inakaa pembeni ya bunduki, haikai kwenye njia ya risasi, kwa hiyo inaona mwendo kwa pembe. Pembe ikiwa digrii mbili, inapunguza chini ya nusu metre kwa segonde juu ya 800. Ikiwa digrii tano, inapunguza metre tatu. Programu ndani yake inasahihisha, kwa kufuata risasi mbali kidogo kisha kurudi nyuma kwa hesabu hadi mdomo wa mtutu, lakini lazima mtu awe amekiweka sawasawa. LabRadar, ambayo inaamshwa na mlio, iliwahi kuwatesa watu kwenye viwanja vya pamoja: jirani anapiga, chombo chako kinaamka bure.

Mtu akitaka kulinganisha vyombo hivi kwa haki, afanye nini? Kwanza avipime kwa risasi ileile, kwa wakati mmoja. Kupiga risasi kumi mbele ya chombo kimoja leo na nyingine kumi mbele ya kingine kesho kunalinganisha hali ya hewa na baruti, sio vyombo. Pili aangalie mahali kila kimoja kinapopimia. Cha sumaku kinapima mdomoni. Sanduku la mwanga linapima metre tatu au tano mbele, na risasi ya AK inapoteza karibu metre moja kwa segonde kwa kila metre inayokwenda. Vikitofautiana kwa nne, vinaweza kuwa vyote viwili vimesema kweli. Hata rada mbili za asilimia 0,1 zinaweza kupishana kwa metre 1,6 kwa segonde, kila moja ikiwa bado ndani ya ahadi yake.

Halafu kuna kosa la watu, na mimi naliona kubwa kuliko la mashini. Video nyingi zinapiga risasi tatu au tano, zinatoa wastani, zinatangaza kwamba chombo hiki « ni thabiti ». Hesabu za takwimu hazikubali. Ukipiga tano na kupata mtawanyiko wa metre 4 kwa segonde, mtawanyiko wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 2,4 na 11,5. Namba yenye desimali mbili kwenye skrini haiondoi ukungu huo. Tena tofautisha mambo mawili: chombo kinachorudia jibu lilelile kila mara, na chombo kinachosema kweli. Mizani ya soko inayoonyesha gramu mia pungufu kila siku ni thabiti kabisa, na muuza maharage anaipenda.

Katika laboratwari zinazojaribu jile kwa kipimo cha NIJ, risasi moja inapimwa na seti mbili za vyombo zisizotegemeana. Mtu wa video ana kiboksi kimoja juu ya meza. Ikiwa kiboksi hicho ni rada ya kisasa iliyowekwa vizuri, namba yake inastahili kusikilizwa. Iko ndani ya metre moja hivi kwa segonde. Ikiwa ni sanduku la mwanga chini ya jua la jioni, na anakuambia sahani « ilisimamisha 850 », inawezekana kabisa risasi ilikuja kwa 837. Hiyo iko chini hata ya ukingo wa metre 9,1 tuliousema. Kwa mtu aliyeko Texas tofauti hiyo ni mjadala wa jioni. Kwa aliyevaa sahani ileile njiani kwenda Sake, ni jambo lingine.

Kwa hiyo ukikuta video, angalia kwanza chombo, kisha kihesabu risasi. Na ukikuta jile sokoni, soma ile karatasi ya ndani kabla ya kujaribu mikanda. Maneno kama « imejaribiwa kufuatana na NIJ » yanaweza kuandikwa na yeyote mwenye cherehani. NIJ inachapisha bure orodha ya jile na sahani zilizopita majaribio yake, kwa jina la kiwanda na namba ya modeli. Simu yenye megabaiti chache inatosha kuifungua. Linganisha namba moja kwa moja, herufi kwa herufi. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa na muda wa garantii, maana nyuzi za jile laini zinachoka kwa jasho, jua na unyevunyevu, na jile nyingi zinazofika kwetu zimeshavaliwa na mwingine. Sahani za seramiki nazo zinapasuka zikiangushwa, na ufa haukosi kujificha chini ya kitambaa: zigonge polepole kwa kidole, moja baada ya nyingine, usikilize kama sauti ni moja.